Mwanamfalme Aomba Ruhusa

Lopaka Keahilele hakuwa mwanamfalme. Baba yake aliendesha gari la taka mjini Honolulu, na mama yake alimenya mananasi kiwandani mpaka ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Lakini mwaka 1963 wakala mmoja wa wanamuziki, aliyetoka Chicago na sigara isiyozimika, alimtazama Lopaka kifua, akamtazama meno, akasema kijana huyu lazima awe wa ukoo wa kifalme. Lopaka akasema hapana, yeye ni wa Nanakuli, kwa makabwela. Wakala akasema, "Ulikuwa." Bango likachapwa wiki ileile: Mwanamfalme Lopaka, Sauti ya Visiwa.

Wenye damu ya kifalme ya kweli walikuwapo, na habari haikukawia kuwafikia. Bibi kizee mmoja wao alikwenda kumwona jukwaani, akakaa wima mpaka mwisho wa onyesho, kisha akaomba apelekwe nyuma ya pazia. Akalishika joho jekundu la Lopaka kwa vidole viwili.

"Babu zangu walivaa manyoya ya ndege," akasema. "Hili lako la nini, mwanangu?"

"Nailoni, Bibi."

"Haya, tawala."

Naye akatawala. Kwa miaka ishirini na miwili alitawala eneo la futi kumi kwa nane, kando ya bwawa la kuogelea la Hoteli ya Mwezi wa Dhahabu, Waikiki, jioni sita kwa juma. Aliimba nyimbo za vibanda vya nyasi zilizotungwa na watu wa New York ambao nyasi zao zilikuwa za kukatwa kwa mashine. Alikuwa na vichekesho vitatu, na cha tatu kilichekesha kweli. Alibusu mashavu ya ajuza wa Ohio na Iowa, akapigwa nao picha, na mpaka leo ukiingia jikoni katika nyumba nyingi za Marekani utamkuta amebandikwa kwenye mlango wa friji. Alionekana kwenye televisheni mara mbili. Japani walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo.

Lakini kilichomlisha ni wimbo mmoja. Kwenye sahani ya santuri waliuita Ukungu wa Mapenzi, na wakala aliutia fidla kumi na mbili. Maharusi walilia wakiusikia. Kila jioni Lopaka aliuliza ni nani waliofunga ndoa juma lile, akawatunukia wimbo huo wao wawili, kana kwamba umetungwa kwa ajili yao.

Haukutungwa kwa ajili yao. Ulikuwa wimbo wa jina, na jina lenyewe lilikuwa la dada yake, Noenoe, yaani ukungu. Bibi yao aliutunga asubuhi aliyozaliwa, mwaka 1932, ukungu ukiwa umeshuka mlimani hadi kwenye uzio wa nguruwe. Wimbo wa namna hiyo si mali ya mtunzi wala ya mwimbaji, ni mali ya anayeitwa. Una beti tano, na ubeti wa tano ndio unaolitaja jina, na jina likishatajwa mwenyewe huitikia, "Eo!" Yaani nipo. Wakala alipousikia wote alitazama saa, akasema nyama za wageni zitapoa. Akabakiza beti mbili za mwanzo. Lopaka alikuwa na miaka ishirini na minane na viatu vyake vya kwanza vya ngozi, akasema sawa.

Noenoe alikwenda hotelini kumsikiliza mara moja tu. Alivaa gauni lake la kanisani, akaketi meza ya karibu na jikoni. Wimbo ulipoanza alinyoosha mgongo, akavuta pumzi, akasubiri aitwe ili aitikie. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, makofi. Mhudumu akamwekea mbele kipande cha nanasi. Noenoe alikula nanasi lake, akapanda basi akarudi Nanakuli, na asubuhi akaenda kazini kwake, kupika chakula cha watoto mia nne wa shule ya msingi. Hakulalamika. Dada yake asipolalamika, Lopaka alidhani mambo ni shwari. Wanaume wengi wamezama kwa kudhani hivyo.

Jumatatu moja ya mwaka 1985, meneja mpya wa hoteli, Bwana Whitcomb, alimwita ofisini.

"Mwanamfalme, kaa. Unajua sisi hapa tunakupenda sana."

Lopaka alikuwa ameishi Waikiki muda wa kutosha kujua kwamba sentensi hiyo haijawahi kufuatwa na jambo jema.

"Tunajenga volkano," meneja akasema.

"Volkano?"

"Pale kwenye jukwaa lako. Italipuka kila baada ya dakika ishirini. Haiugui, haiombi likizo. Lazima uelewe, watalii wamebadilika. Siku hizi wanataka vitu halisi."

"Volkano ya saruji?"

"Hasa." Whitcomb hakuona tatizo. "Lakini sikutupi. Kuna nafasi wakati wa chakula cha asubuhi, pale bustanini. Utaimba ule wimbo wa ukungu, ila wote, kama ulivyotungwa, na mwenye wimbo atuandikie barua kwamba ameridhia. Tutachapa kwenye kijitabu: kwa idhini ya ukoo. Watalii wanauliza."

"Miaka ishirini na miwili hakuna aliyeuliza."

"Sasa wanauliza. Mwenye wimbo ni nani?"

"Dada yangu."

"Si ndiyo safi! Imekwisha hiyo."

Lopaka naye aliona imekwisha. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hapa kaona gogo la kushika: asubuhi ni asubuhi, lakini jukwaa ni jukwaa. Bila wimbo ule hakuwa na nafasi hotelini, na bila hoteli hakujua yeye ni nani tena. Alikuwa na miaka hamsini na nguo arobaini zinazometameta.

Aliyempeleka Nanakuli ni Agbayani, Mfilipino wa Waipahu aliyempigia besi kwa miaka kumi na tisa na kuutazama mgongo wa Lopaka kuliko alivyomtazama mkewe usoni. Walimkuta Noenoe uani, kwenye karo la nje, akiparua magimbi ya karamu. Jumamosi ile mjukuu wake wa kwanza alikuwa anatimiza mwaka, na kwa watu wale mtoto akitimiza mwaka huchinjwa hata kisichokuwapo. Binti yake, Kehau, alikuwa kibarazani, kampakata mtoto.

"Bebi hajambo?" Lopaka akauliza, akivua viatu ngazini.

"Bebi ana jina, Anko."

"Najua, najua. Kadi si niliiona."

Aliiona kweli. Alisoma tarehe, akasoma neno nguruwe, akaiweka.

"Dada, nimekuja na jambo."

"Huji bila jambo. Sema."

Akasema. Alieleza habari za volkano, za bustani, za barua. Noenoe aliendelea kuparua, maganda yakimrukia kwenye aproni.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa."

"Ndiyo, dada."

"Ya wimbo unaouimba toka huyu Kehau yuko tumboni."

"Dada, wakati ule mimi..."

"Mimi sijasema kitu. Nahesabu tu." Akatupa gimbi ndani ya ndoo. "Njoo Jumamosi. Wa nyumba ya Bibi tumebaki mimi na wewe, na mimi siwezi kujiimbia mwenyewe. Uuimbe mbele ya watu, wote, kama alivyotufundisha. Hiyo ruhusa yako tutaimaliza hapohapo."

"Basi imekwisha!"

"Unaukumbuka wote?"

"Dada! Nimeuimba mara elfu sita na kitu."

"Sikukuuliza mara ngapi."

Garini Lopaka alikuwa anapiga mluzi. Walipopita kituo cha mafuta Agbayani akauliza.

"Kakubali?"

"Kakubali."

"Alisema kakubali, au wewe ndiye unasema?"

"Kasema tutamaliza hapohapo."

"Mama yangu akiniambia vile, nilikuwa nachapwa."

Jumamosi saa nane mchana Lopaka alifika na koti la fedha. Karamu ya Nanakuli haina mpishi wa kukodi: wanaume wako kwenye tanuri la shimoni toka alfajiri, shangazi wanakanda poi, uji mzito wa magimbi, vijana wanabeba viti vya kanisa, na hata mgonjwa wa miguu hupewa maua atunge mashada akiwa amekaa. Lopaka aliingia akikunjua mikono, tayari kukumbatiwa. Kehau alimbusu shavuni, akamvika shada la maua, akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja hadi meza ya mbele iliyotandikwa majani mabichi. Akamketisha kati ya mchungaji Kuikahi na mume na mke kutoka Minnesota, mabosi wa baba yake mtoto.

Mwanzoni alifurahi. Meza ya mbele! Akapunga mkono kama alivyozoea. Mchungaji akamwinamia, akamwambia, "Mcheza kwao hutunzwa," naye akatabasamu kwa unyenyekevu wa watu wenye vipaji.

Kisha akaanza kutazama. Kila mwenye damu ya Keahilele alikuwa amesimama. Kila mmoja alikuwa na mafuta mikononi, au moshi machoni, au sinia begani. Agbayani, mtu wa kuja, hakumaliza dakika tano kabla ya kutupiwa kisu na kuambiwa, "Wewe, acha kushangaa, njoo uchambue nguruwe!" na sasa alikuwa katikati ya wajomba, anatukanwa kwa mapenzi. Waliokaa walikuwa wanne: mchungaji, Minnesota wawili, na Mwanamfalme Lopaka.

Akainuka. Shangazi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya samaki wa chumvi alimsukuma begani kwa kiwiko.

"Kaa, Anko, kaa! Wewe mgeni wetu leo."

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amezaliwa hatua sitini kutoka pale, kitovu chake kilikuwa chini ya udongo ule, na shangazi aliyemwita mgeni alikuwa mtoto wa mtoto wa binamu yake. Hakukusudia ubaya hata kidogo. Angekusudia, Lopaka angejua la kumjibu. Akakaa. Mke wa Minnesota akamuuliza kama yeye pia ndiyo mara yake ya kwanza kula chakula cha shimoni.

Watu walipokwisha kula, Noenoe alifuta mikono, akachukua kipaza sauti. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Mtoto katimiza mwaka, tunamshukuru Mungu. Sasa kaka yangu ataimba wimbo wa Bibi. Wote."

Agbayani akaosha mikono, akaegemeza besi yake. Lopaka akasimama, akafunga macho, akaanza.

Tuseme ukweli, mtu yule alikuwa na sauti. Nailoni ilikuwa ya uongo na ufalme ulikuwa wa uongo, lakini sauti alipewa na Mungu mwenyewe, na miaka ya kando ya bwawa haikuimaliza. Ubeti wa kwanza, ukungu ulishuka mlimani. Waliokuwa wakiosha masufuria wakafunga bomba. Ubeti wa pili, ukungu ulifika uziani, ukayagusa majani ya magimbi, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye shimo la moto akavua kofia. Lopaka alihisi watu wote wamo kiganjani mwake. Akaishusha noti ya mwisho polepole, kama manyoya.

Na hapo mikono yake ikapanda juu yenyewe. Hakuituma. Ilijua kazi yake.

"Asanteni sana!" mdomo ukasema. "Mmekuwa watazamaji wa ajabu! Msikose kuonja keki ya nazi!"

Minnesota walipiga makofi. Hakuna mwingine aliyepiga. Watu mia mbili na zaidi walikuwa wamekaa kimya wakimsubiri, maana wimbo ulikuwa haujaisha, na mtoto alikuwa magotini kwa mama yake akisubiri kuitwa.

Lopaka akashusha mikono. Akatafuta ubeti wa tatu. Ulikuwa na mvua, na njia ya kupanda, na ua fulani. Akaimba nusu mstari, akarudia nusu mstari uleule. Wa nne hakuona hata mlango wake. Besi ya Agbayani ilizunguka palepale, ikazunguka tena, kwa uaminifu. Lopaka aliwatazama vijana wa ukoo, labda mmoja wao angemtupia neno. Nao walikuwa wanatazamana: hawakujua kilichobaki ni nini. Wimbo wa bibi yao waliufundishwa na santuri, na santuri ilikuwa ya Mwanamfalme Lopaka. Wazee waliokuwa wakiujua wote walikuwa wamelala makaburini, nyuma ya kanisa. Aliyebaki anaujua ni mmoja, naye ndiye asiyeruhusiwa kuuimba, maana mtu hawezi kujiita na kujiitikia akabaki na heshima.

Akamgeukia dada yake. Alikuwa ametota jasho ndani ya koti la fedha. Noenoe alimwacha asimame kidogo. Hakuwa na ubaya. Au tuseme, haukuwa ubaya mtupu.

Kisha akavua shada lililokuwa shingoni mwake, akaenda hadi kwa Kehau, akalilaza juu ya magoti ya mtoto.

"Noenoe," akamwambia mtoto, "jina nilikupa siku uliyozaliwa. Leo nakupa na wimbo wake. Mimi sina tena."

Watu wakaguna kwa kuridhika, kama watu wanaoona jambo likienda njia yake. Arithiye jina hurithi wimbo: nani asiyejua? Mchungaji alijua. Agbayani alijua. Toka kadi zilipofika kila nyumba ya Nanakuli ilijua kwamba siku ile wimbo utahama. Ni Lopaka peke yake, msomaji wa tarehe na nguruwe, aliyekuja akidhani utahamia kwake.

Na kwa kuwa wimbo haukuwa wake tena, Noenoe aliweza kuuimba. Aliuimba toka mwanzo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekemea watoto mia nne kila siku kwa miaka, imekwaruza, haina fidla hata moja, na mwendo ulikuwa wa haraka kuliko wa hotelini, wa mtu anayepanda mlima akijua anakokwenda. Mvua ikanyesha mahali pake. Ua likachumwa. Ubeti wa tano ukafika: na sasa lisemwe jina la tuliyemsifu, ukungu uliokuja na mtoto, Noenoe, itikia. Kehau akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili, akamjibia.

"Eo!"

Ua mzima ukajibu, "Eo!" Lopaka naye akafungua mdomo, akajikuta amechelewa.

Kelele zilipotulia, aliendea pale alipokuwa dada yake. Mtu mwingine angesubiri siku nyingine, lakini Whitcomb alitaka barua Jumatatu.

"Dada. Na ile ruhusa?"

"Ruhusa gani?"

"Tulisema tutaimaliza hapahapa."

"Si tumeshaimaliza? Mimi wimbo sina. Mwenyewe yule pale, muombe."

Wajomba waliokuwa karibu wakaanza kuangalia viatu vyao, mabega yakiwatikisika. Lopaka alimtazama dada yake usoni, akitafuta utani. Hakuuona. Akaenda mbele ya Kehau, akapiga magoti majanini, na magoti yakalia kwa sauti iliyosikika mpaka meza ya Minnesota.

"Noenoe," akasema, kwa adabu zote alizofunzwa utotoni na asizozitumia tena toka utotoni, "mimi ni kaka ya bibi yako. Naomba ruhusa ya kuimba wimbo wako."

Mtoto alimtazama. Akanyoosha mkono, akang'oa kifungo cha koti la fedha, akakitia mdomoni. Kehau akamtumbukizia kidole akakitoa.

"Kasemaje?" mjomba mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Hajasema," akajibu Noenoe. "Itabidi asubiri ajue kusema."

Jumatatu Lopaka alipiga simu akidhani hasira zimepoa.

"Amesema?" dada yake akauliza.

"Noenoe, mtoto ana mwaka mmoja!"

"Ndiyo maana nikakwambia usubiri."

Asubuhi ya bustanini akapewa mpiga kinubi. Lopaka akawa anaimba alikoitwa: ufunguzi wa duka la magodoro, harusi za watalii ufukweni, karamu ya madaktari wa meno. Kila mahali walitaka Ukungu wa Mapenzi. Angeweza kuuimba, nani angemkamata? Lakini alikuwa amepiga magoti mbele ya watu mia mbili wa kwao, na mtu akishaomba hadharani hawezi tena kujichukulia gizani. "Mwenye wimbo hajaniruhusu," aliwaambia. "Ni nani?" "Msichana wa miezi kumi na sita." Walicheka mpaka wakashika meza. Kilikuwa kichekesho chake bora kuliko vyote, na yeye ndiye pekee ambaye hakucheka.

Akaamua kumlainisha mwenye mali. Kila Jumapili baada ya ibada Agbayani alimpeleka Nanakuli na mfuko wa peremende. Akamketisha mtoto gotini, akamfundisha.

"Sema ndiyo."

"Mbwa."

"Ndiyo. Sema, ndiyo."

"Poi."

Mtoto alijifunza kusema mbwa, poi, maji, gari na, jambo lililomuudhi sana Lopaka, Agbayani, kabla hajakaribia neno ndiyo. Mwezi wa kwanza Lopaka alikalia kiti cha wageni kibarazani. Mwezi wa pili alikuta kiti kimewekewa nguo za kupiga pasi, na hakuna aliyekuja kuziondoa. Akawa anasimama. Na nyumbani kwa Noenoe ukisimama karibu na karo hukosi kupewa sufuria. Aliosha ya kwanza akiwa amevaa pete zote tatu. Jumapili iliyofuata aliziacha nyumbani.

Noenoe alikuwa na tabia ya kuimba chinichini akisuguana na vyombo. Siku moja Lopaka alimdakia ubeti wa tatu, akaukosea.

"Mvua kwanza, ua baadaye," dada yake akasema bila kugeuka. "Ua litachanuaje kabla ya mvua?"

"Naruhusiwa kuuimba hapa?"

"Hapa huimbi. Hapa unaosha vyombo."

Hivyo mwaka ukapita, na wa pili ukapita, na Lopaka akawa na beti zote tano kichwani, zimepangika, na hata zile pumzi za Bibi katikati ya mistari zikamrudia. Zilimjaa kifuani. Kuna siku alisimamisha gari barabarani ili azitamke tu, bila sauti, apumue.

Alingoja mpaka mtoto alipotimiza miaka mitatu na kuanza kugombana na watu kwa sentensi kamili. Jumapili hiyo walikuwa kama kumi na watano mezani, na hakuna aliyekuwa amemwambia Lopaka akae wala asikae. Alitoka kwenye karo, mikono ikidondosha maji, aproni ya Noenoe imemfika kifuani, akasimama mbele ya mtoto. Wote walijua.

"Noenoe," akasema. "Mimi ni kaka ya bibi yako. Naomba ruhusa ya kuimba wimbo wako."

Mtoto alikuwa na wali mdomoni. Akatafuna, akameza. Akamtazama kuanzia aproni mpaka nywele.

"Hapana," akasema.

Agbayani alianguka kutoka kwenye benchi. Wengine walicheka mpaka wakalia, Kehau akaficha uso kwa kitambaa, na Noenoe mkubwa akafuta macho kwa kiganja.

"Umemsikia mwenyewe," akasema.

Lilimuuma, tusidanganyane. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, sauti bado ipo, wimbo mzima umo kinywani, na mlango umefungwa na mtu asiyefika kiunoni mwake. Alirudi kwenye karo akamaliza masufuria yote, na lile kubwa la wali alilisugua mara mbili ili asigeuke watu wakamwona uso.

Jioni, alipokuwa anaingia garini, alisikia miguu midogo changaraweni. Mtoto akaja akashika mlango wa gari kwa mikono yote miwili.

"Babu, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Utarudi kuniomba?"

Lopaka alimtazama.

"Nikiomba utasema nini?"

Mtoto akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu mwenye mali.

"Njoo kwanza uniombe," akasema.

Lopaka akasema atakuja Jumapili.